Pua ya fundi seremala: maji ya chumvi yalichofanya, na upande mmoja uliogoma

Mgonjwa ni fundi seremala wa Ngamiani, Tanga, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, ambaye tangu ujana wake anapasua na kuranda mvule na mninga. Ameridhia kisa chake kiandikwe. Jina nimeliacha, na vitu vidogo ambavyo vingemtambulisha nimevibadili.

Alipofika kliniki alikuwa na miezi zaidi ya minne pua imeziba. Usiku analala mdomo wazi, asubuhi koo limekauka, mashavu mazito, kichwa kinagonga kila akiinama kuokota msumari. Harufu ya mbao iliyopasuliwa sasa hivi, ambayo kwa seremala ni sehemu ya kazi, alikuwa haisikii tena. "Sista," aliniambia, "mvule na mkaratusi kwangu siku hizi ni kitu kimoja."

Alikuwa ameshajaribu mengi. Alijifukiza kwa majani ya mkaratusi na mchaichai, shuka kichwani, mara nyingi tu. Alimeza dozi mbili za amoksilini alizonunua duka la dawa bila kupimwa na mtu. Rafiki yake mvuvi akamshauri avute maji ya bahari. Akaenda ufukweni asubuhi akavuta, macho yakamtoka, pua ikawaka moto mpaka adhuhuri. Mwisho akaangukia kwenye chupa ndogo ya matone ya kuzibua pua, na hapo ndipo alipotulia, maana ile inafanya kazi papo hapo.

Chupa hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kushughulikiwa. Matone ya aina ya zailometazolini hubana mishipa ya damu iliyomo ndani ya pua, nyama zikasinyaa, njia ikafunguka. Lakini yametengenezwa kwa siku chache, tatu hadi tano, saba zikizidi. Ukiendelea wiki baada ya wiki, nyama za pua huzoea: dawa ikiisha nguvu zinavimba kuliko mwanzo, nawe unaongeza matone, zinavimba tena. Fundi alikuwa anaamka saa nane za usiku kutia matone ili apate kulala. Kwa hiyo sehemu ya ule mzibo haikuwa ugonjwa tena, ilikuwa dawa yenyewe. Watu wengi sana wanaonijia na "mafua yasiyopona" wana chupa hii mfukoni, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ina mwisho.

Nilimwangalia. Ndani ya pua nyama nyekundu zimevimba pande zote mbili, magamba ya kahawia ya vumbi la mbao yameganda. Shinikizo la damu lilikuwa sawa, jambo la kupimwa kwa kila anayetumia matone hayo kwa muda mrefu. Homa hakuna. Macho hayajavimba, anaona vizuri, damu haijawahi kumtoka. Nilipomgonga mashavu taratibu, la kushoto lilimuuma zaidi, na kamasi la upande huo lilikuwa zito, la kijani, lenye harufu mbaya. Alisema kuna nyakati anasikia ladha mbovu mdomoni, upande huohuo. Niliandika neno "kushoto" kwenye karatasi na kulipigia mstari.

Daktari wetu alimwona siku ileile. Uvimbe wa pua na sainasi, yaani vile vyumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso, ukipita wiki 12 unahesabiwa kuwa sugu, na dozi ya tatu ya amoksilini isingekuwa na maana. Aliamua mambo matatu. Aache matone, aanze na pua moja, nyingine ifuate baada ya siku chache, ili usiku usimshinde. Aanze dawa ya kupuliza puani yenye steroidi, ya kupunguza uvimbe, ambayo haifungui pua papo kwa papo, inataka wiki kadhaa. Na kwa sababu dalili zilielemea upande mmoja kwa mtu anayevuta vumbi la mbao miaka yote hiyo, aliandika barua ya rufaa kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo siku hiyohiyo bila kungoja. Vumbi la mbao linatambuliwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, kuwa ni chanzo cha saratani ya pua na sainasi. Ni ugonjwa adimu, lakini seremala mwenye pua mbovu upande mmoja haachwi aendelee kujitibu nyumbani. Miadi ilikuwa ya wiki kadhaa mbele. Katika kungoja huko ndipo kazi yangu ilipoanza: kumfundisha kuosha pua kwa maji ya chumvi.

Swali lake la kwanza lilikuwa zuri. "Sista, mimi nafanya hivyo mara tano kwa siku. Si natawadha?"

Ni kweli kwamba mtu wa pwani hashtuki kuambiwa apandishe maji puani. Istinshaki anaijua tangu chuoni. Lakini maji ya udhu ni kiganja kimoja, yanagusa sehemu ya mbele ya pua na kutoka. Hayana chumvi, na maji matupu yasiyo na chumvi huchoma utando wa pua. Kuosha kwa ajili ya mzibo kunataka maji mengi, kiasi cha mililita 200 kila upande, yenye chumvi ya kiwango cha mwili, yaingie tundu moja yapite nyuma na kutokea jingine. Yanachukua vumbi, kamasi lililoganda na vitu vinavyochochea mzio, na yanalainisha kamasi ili vinyweleo vidogo vya utando viweze kulisukuma tena. Ndani ya vyumba vyenyewe vya sainasi, kwa mtu ambaye hajafanyiwa upasuaji, maji hayaingii sana. Yanachosafisha ni pua na milango ya vyumba hivyo. Hilo nililisema wazi mapema, kwa sababu lilikuja kuwa na uzito baadaye.

Alitaka kujua pia kama aendelee kujifukiza. Kuna utafiti uliofanyika Uingereza kwa wagonjwa 871 wenye matatizo ya sainasi ya muda mrefu au ya kujirudia, ukachapishwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha madaktari wa Kanada. Walioelekezwa kuosha pua walipata nafuu ya wastani iliyoonekana miezi mitatu na hata sita baadaye. Kwa waliojifukiza, maumivu ya kichwa yalipungua, mengine hayakubadilika kwa kiasi cha kuhesabika. Nilimwambia mvuke ukimpa faraja si dhambi, ila sufuria la maji ya moto chini ya shuka limeshaunguza watu, na watoto wasiingizwe humo kabisa.

Sasa maji. Hapa nilikaa naye muda mrefu kuliko pengine pote, na mkewe alikuwepo, maana nyumbani ndiye mwenye jiko.

Maji ya bomba ya Tanga hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, yanasafishwa kabla ya kufika mjini. Kwa fundi yanapanda kwenye simtanki juu ya paa la bati, yanakaa humo juani siku mbili tatu, yanashuka yakiwa vuguvugu. Kwa kuoga na kufua hayana neno. Kwa kunywa wao huchemsha. Kwa kuosha pua mke alidhani hayahitaji kuchemshwa, kwa kuwa hayamezwi. Wengi hufikiri hivyo, na uhalisia ni kinyume chake. Tumbo lina asidi inayoua vijidudu vingi. Paa la pua halina kinga ya namna hiyo, na mishipa ya kunusa inapita hapo kwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Kuna ameba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, anayeitwa Naegleria fowleri, anaishi katika maji yasiyo ya chumvi, hasa yakiwa ya joto: maziwa, mito, matangi. Ukimnywa hakudhuru. Akipandishwa puani anaweza kufuata mishipa hiyo hadi ubongoni, na karibu wote wanaopata ugonjwa huo hufa. Mwaka 2011 katika jimbo la Louisiana, Marekani, walikufa watu wawili walioosha pua kwa maji ya bomba ya nyumbani kwao. Mwaka 2024 huko Texas alifariki mama wa miaka 71, ambaye alitumia maji ya bomba ya gari la kupigia kambi. Na Karachi, Pakistani, madaktari wameandika habari za wagonjwa ambao hawakuogelea popote. Kinachoshukiwa ni maji ya bomba waliyopandisha puani kwa udhu.

Ugonjwa huu ni adimu mno, nami sikumweleza ili kumtia hofu. Nilimweleza kwa sababu dawa yake ni rahisi ajabu: chemsha. Maji yakishatokota kwa nguvu, yaache dakika moja nzima yakitokota, kisha yapoe yenyewe yakiwa yamefunikwa. Kwa walio nyanda za juu sana, kuanzia kama mita 2,000 hivi, dakika tatu, kwa kuwa huko maji hutokota kwa joto la chini zaidi. Yaliyobaki yatiwe kwenye chombo safi chenye mfuniko na yatumike ndani ya saa 24. Kuchuja kwa kitambaa hakutoshi. Maji ya chupa ya dukani ni ya kunywa, hayakutengenezwa yawe hayana kijidudu hata kimoja, kwa hiyo nayo yachemshwe. Na chumvi ya kiasi tunachotumia haiui huyo ameba. Asitokee mtu akasema chumvi imeshatibu maji.

Kuhusu udhu nilimwambia aendelee kama kawaida, ila maji ya simtanki asiyavute kwa nguvu kwenda juu. Ayaingize mbele ya pua na kuyapenga.

Chumvi ina hesabu yake. Mwili wetu una takriban gramu 9 za chumvi kwa lita, na utando wa pua ukiletewa maji ya kiwango hicho hausikii kitu. Maji ya bahari yana kama gramu 35 kwa lita, karibu mara nne. Ndiyo maana yule mvuvi alimliza, mbali na uchafu wa ufukwe wa mjini. Kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa, robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi laini, kikiwa kimesawazishwa kwa mgongo wa kisu, inakupa karibu gramu nne na nusu. Chupa tupu ya maji ya nusu lita ni kipimo kizuri, ila ipimie maji yakishapoa, isije ikajikunja. Ukiwa na bikaboneti ya soda safi, ile ya kutengenezea keki, nusu kijiko cha chai inapunguza mwasho. Magadi ya kupikia maharage yasitiwe, wala unga wa kuumulia keki wenye mchanganyiko. Chumvi ya mezani yenye madini joto inaweza kuwasha kidogo kwa baadhi ya watu, fundi haikumsumbua.

Chupa maalumu za kubinya zinauzwa mijini, bei zake si za kila mtu. Tulitumia bomba la sindano la mililita 20, jipya, bila sindano. Kwa kila upande analijaza mara kumi.

Jaribio la kwanza alilifanya mbele yangu kwenye karo la kliniki. Aliinua uso juu, kama afanyavyo kila mtu anayetia matone, maji yakashuka kooni, akakohoa. Nikamshika kisogo na kumshusha: uso uangalie karo, halafu kichwa kiinamie upande mmoja, tundu la kulia liwe juu na la kushoto chini. Mdomo wazi. Pumua kwa mdomo, toa sauti ya "aaa" isiyokatika. Sauti hiyo inanyanyua kaakaa laini na kufunga njia ya koo. Ncha ya bomba iguse mlango wa tundu tu, ielekee usawa wa sikio, isielekezwe juu kwenye paji. Sukuma polepole. Bomba la kwanza na la pili hayakutoa kitu upande wa pili, yalirudi palepale. La tatu likatoa matone. La tano likafungua, na kwenye karo likaanguka kipande cha kamasi kilichokauka, rangi ya mninga, kirefu kama kiungo cha kidole. Alikitazama kwa muda. Mkewe alisema, "Hicho ndicho ulichokuwa unalala nacho."

Baada ya hapo kupenga ni kwa upole, tundu moja moja, bila kubana yote mawili. Ukipenga kwa nguvu maji na uchafu vinasukumwa kwenye masikio. Halafu inama mara mbili tatu, kichwa chini, maji yaliyojificha yatoke. Joto la maji jaribu ndani ya kifundo cha mkono, kama unavyojaribu maziwa ya mtoto. Bomba lioshwe kwa maji yaliyochemshwa, liachwe likauke wazi, libadilishwe mara kwa mara, na lisitumiwe na watu wawili. Dawa ya kupuliza ifuate baadaye kidogo, pua ikishamwaga maji yote, la sivyo inaoshwa na kupotea.

Nyumbani alianza mara mbili kwa siku: jioni akitoka karakana, na asubuhi. Siku za kwanza zilikuwa ngumu kwa sababu ya kuacha matone, si kwa sababu ya kuosha. Usiku wa tatu mkewe alinipigia simu kwamba hajalala na ameomba chupa yake. Nikamshauri ainue mito, aoshe pua saa moja kabla ya kulala, avumilie. Alivumilia. Aliporudi wiki ya pili, tundu la kulia lilikuwa linapitisha hewa bila matone. Wiki ya nne alikuwa analala usiku mzima mdomo umefungwa, na kichwa hakigongi akiinama.

Katikati ya kipindi hicho Ramadhani iliingia. Alimuuliza sheikhe wa msikiti wake, akajibiwa kuwa mfungaji hata istinshaki hukatazwa kuizidisha, hivyo aoshe baada ya futari na kabla ya daku. Kwa tiba haikuwa na shida yoyote. Mara mbili ni mara mbili, iwe mchana au usiku.

Upande wa kushoto haukufuata. Hewa ilipita kidogo zaidi, vumbi likapungua, lakini kila alipoosha, maji ya kushoto yalitoka na uzi wa kijani, na ile harufu. Ladha mbovu mdomoni ilibaki. Mtu angeweza kusema maji ya chumvi yamefanya kazi nusu. Mimi naziona wiki zile tofauti. Kabla ya kuosha alikuwa na mambo matatu yamelala juu ya mengine: matone, vumbi, na kitu cha kushoto. Mawili yalipoondoka, la tatu lilibaki peke yake, wazi, halina pa kujificha. Pua inayoletewa maji safi na steroidi mwezi mzima, na bado inatoa usaha upande mmoja, inakwambia kwamba chanzo kiko mahali ambapo maji hayafiki.

Daktari wa masikio, pua na koo aliingiza kamera nyembamba puani; hakuona uvimbe wa saratani, ila usaha ukishuka kutoka mlango wa sainasi ya shavu la kushoto. Picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta, ikaonyesha sainasi hiyo moja imejaa, nyingine zote safi, na chini yake gego la juu lenye kivuli cheusi kwenye mizizi. Gego hilo liliwahi kuzibwa miaka iliyopita, na kwa kuwa halikumuuma tena hakulitaja kwa mtu yeyote. Mizizi ya magego ya juu hukaribiana sana na sakafu ya sainasi ya shavu, kwa wengine kinachozitenga ni mfupa mwembamba tu. Mizizi ikioza kimyakimya, usaha unapanda juu, na mgonjwa anatibiwa pua wakati ugonjwa uko mdomoni. Sehemu si ndogo ya sainasi sugu za shavu la upande mmoja huanzia kwenye meno. Ndiyo maana nauliza kila mtu habari za meno ya juu, hata asiyeumwa jino.

Gego liling'olewa, akapewa antibayotiki, safari hii kwa sababu inayojulikana. Daktari wa meno alimzuia kuosha pua na kupenga kwa nguvu mpaka shimo lizibe, kwa kuwa msukumo ungeweza kufungua njia kati ya mdomo na sainasi. Aliporuhusiwa kuanza tena, maji ya kushoto yalitoka meupe. Harufu inamrudia kidogo kidogo. Mninga anautambua, mvule bado hana uhakika nao.

Siku hizi anaosha jioni za siku alizopasua au kupiga msasa tu, na siku za mapumziko anaacha. Karakana imeanza kunyunyiza maji kabla ya kufagia, na barakoa za kuzuia vumbi zimenunuliwa, ingawa joto la Tanga linawafanya vijana wazivue mchana. Wanagenzi wake wawili wamenijia na pua zilizoziba, mmoja akiwa na chupa ya matone mfukoni. Wote wawili nimewapa bomba lake kila mmoja na kipimo cha chumvi. Mwenye chupa ana miadi na daktari wetu Jumatatu, na nimemwambia aje akiwa amepiga mswaki, tutamtazama na meno.